Sauti Ikiisha Imekwenda Wapi? Somo la Uzi Unaotetemeka na Gitaa la Umeme

UTANGULIZI

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, aghalabu hulikuta somo la sauti limewekwa katika kurasa chache za kitabu. Kurasa hizo humweleza kwamba sauti hutokana na mtetemo, kwamba uzi mfupi hutoa sauti nyembamba na uzi mrefu hutoa sauti nene, na kwamba sauti husafiri hewani hadi sikioni. Yote hayo ni kweli na hayana budi kufundishwa. Hata hivyo, liko swali ambalo watoto huliuliza wenyewe mara tu wanapouvuta uzi na kuuachia, nalo kwa kawaida halipewi nafasi: sauti ile ikiisha, imekwenda wapi? Na kwa nini sauti ya uzi huu imeisha upesi, hali ya ule imedumu?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi swali hilo linavyoweza kufundishwa katika darasa la sita au la saba kwa zana zisizogharimu fedha nyingi. Mfano wetu mkuu ni gitaa la umeme, kwa sababu wapigaji wa gitaa hilo hulijali sana jambo la sauti kudumu, na kwa sababu watoto wetu wanalijua. Wamelisikia katika kwaya, katika taarabu, na katika nyimbo za zamani za dansi ambazo redio bado huzipiga, kama zile za Mbaraka Mwinshehe (1944–1979).

Tungependa kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufanya tuandike.

KOSA TULILOLIFANYA

Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha somo la sauti mbele ya kundi la walimu wanafunzi, ili wajifunze kwa kutazama. Tuliandika ubaoni kanuni iliyotupendeza: “Gitaa zito hudumisha sauti kuliko gitaa jepesi.” Tuliisoma kwa sauti, watoto wakairudia. Ndipo mvulana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Alisema kwamba kaka yake hupiga gitaa la besi katika kwaya, na kwamba gitaa hilo ni zito, lakini lina mahali pamoja kwenye shingo ambapo ukibonyeza uzi, sauti hufa pale pale. Ukisogeza kidole nafasi mbili tu mbele au nyuma, sauti hudumu tena. “Sasa, mwalimu,” aliuliza, “mbao ni ile ile na uzi ni ule ule. Uzito umebadilika saa ngapi?”

Darasa likacheka. Sisi tukamwambia kwamba huenda gitaa la kaka yake ni bovu, tukamwomba akae chini, tukaendelea na somo.

Mvulana yule alikuwa amesema kweli. Gitaa la kaka yake halikuwa bovu. Alikuwa ameligusa jambo ambalo wataalamu wa fizikia ya ala za muziki wamelichunguza kwa vipimo, na ambalo lingelifanya somo letu liwe bora maradufu kama tungelikuwa na subira ya kulisikiliza. Tutalirudia mbele. Kwa sasa tunamwomba msomaji akumbuke kwamba kanuni yetu haikuanguka kwa sababu ya hoja ya mtu mzima, bali kwa sababu mtoto alikuwa ameangalia kitu kwa makini kuliko sisi.

MAANA YA JAMBO LENYEWE

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu sharti aielewe hoja moja kuu, nayo ni hii: uzi unapovutwa kwa kidole na kuachiwa, hupewa akiba moja tu ya nishati. Baada ya hapo kidole hakiongezi kitu. Sauti hudumu kadiri akiba hiyo inavyochelewa kutumika.

Hebu tuilinganishe akiba hiyo na kibaba cha unga ndani ya mfuko uliotoboka. Tunajua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika uzi, haba na haba hukimaliza. Swali la sayansi basi ni hili: matundu ya mfuko ni yapi, na lipi ni kubwa kuliko mengine? Kwa uzi wa gitaa matundu makuu ni haya:

1. Hewa. Uzi ukienda huku na huku husukumana na hewa, na hupoteza nishati kidogo kidogo.

2. Uzi wenyewe. Kila unapopinda na kunyooka, sehemu zake husuguana ndani kwa ndani, na nishati hugeuka joto dogo lisilohisika. Nailoni hupoteza nishati kwa njia hii kuliko chuma cha pua.

3. Ncha za uzi. Uzi umeegemea mahali pawili, upande wa shingo na upande wa mwili wa gitaa. Tutapaita mahali hapo viegemeo. Kiegemeo kikiwa kigumu na kisichotikisika, hurudisha mtetemo ndani ya uzi. Kikiwa laini au kikiyumba, huuruhusu mtetemo kutoka.

4. Vitu vinavyougusa uzi. Kidole, kitambaa, au kijiti cha chuma kinachopwaya huumaliza mtetemo mara moja.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wanafunzi wengi hulishangaa. Tundu la tatu ndilo linalotupatia sauti kubwa katika gitaa la kawaida lisilo la umeme. Uzi ni mwembamba mno. Hupita hewani kama fimbo nyembamba inavyopita majini, bila kusukuma mengi. Mtu asingeusikia vizuri kama mtetemo usingepita katika kiegemeo na kuutikisa ubao mwembamba wa uso wa gitaa. Ubao huo ni mpana, kwa hiyo husukuma hewa nyingi na kutoa sauti kubwa. Lakini nishati yote hiyo imetoka katika akiba ile ile ya uzi. Gitaa la namna hiyo likipaza sauti, hufupisha maisha ya sauti hiyo. Kwa nishati ile ile, anayetumia kwa wingi humaliza mapema.

GITAA LA UMEME LILIVYOLITATUA TATIZO HILO

Historia ya gitaa la umeme inafaa kusimuliwa darasani, kwa kuwa inaonyesha jinsi watu walivyolitenganisha jambo la ukubwa wa sauti na jambo la kudumu kwake.

Huko Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, bendi za dansi zilikuwa na tarumbeta nyingi, na gitaa lilimezwa. Wapigaji wakatafuta njia ya kulipaza kwa umeme. Njia waliyoipata ilitegemea jambo lililogunduliwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, kwamba uwezo wa sumaku ukibadilika karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya wa shaba, ukipanda na kushuka sawa na mtetemo wa uzi. Umeme huo hupelekwa katika amplifaya, hukuzwa, kisha hupelekwa katika spika. Kifaa hicho cha sumaku tutakiita kinasa.

Wengi waliweka vinasa katika magitaa yenye mwili wa uwazi. Shida ikazuka. Sauti ya spika iliutikisa uso wa gitaa, uso ukautikisa uzi, na gitaa likavuma ovyo. Mpigaji na mvumbuzi Les Paul (1915–2009) alifanya jaribio lililokuja kupata sifa kubwa. Karibu na mwaka 1941 alichukua gogo la msonobari lenye unene wa sentimeta 10 hivi kila upande, akalifungia shingo, nyuzi na vinasa. Kisha akabandika mbavu za gitaa la kawaida pande zote mbili ili lifanane na gitaa. Mbavu zilikuwa za macho tu. Sauti ilitoka katika uzi uliofungwa juu ya gogo lisilotikisika kwa urahisi, na ilidumu.

Mwaka 1950 kampuni ya Fender ilianza kuuza gitaa la mwili wa ubao usio na uwazi, na mwaka 1952 kampuni ya Gibson ikatoa gitaa la namna hiyo lenye jina la Les Paul mwenyewe. Tangu hapo kazi ya kupaza sauti iliachiwa amplifaya na umeme wake, na uzi ukabaki na akiba yake.

ZANA ZA SOMO

Shule nyingi za msingi hazina gitaa la umeme, wala somo hili halilihitaji. Mwalimu akusanye vitu vifuatavyo kwa msaada wa wanafunzi:

– Ubao mnene na mgumu, wenye urefu wa mita 1 na unene wa sentimeta 5 hivi. Kipande cha boriti kinafaa.
– Uzi mmoja uliofumuliwa kutoka katika waya wa breki ya baiskeli. Huu ni chuma cha pua.
– Mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki.
– Msumari mmoja mkubwa.
– Vipande viwili vya mti mgumu vilivyochongwa kama kabari, viwe viegemeo.
– Kipande cha kandambili iliyochakaa na kipande cha kitambaa.
– Debe tupu, au boksi la mbao nyembamba.
– Kopo lenye mpini, na mchanga wenye uzito wa kilogramu 3.
– Jiwe dogo na uzi wa kushonea wenye urefu wa mita 1.

Msumari upigiliwe katika ncha moja ya ubao, na waya ufungwe hapo. Ubao ulazwe juu ya meza. Waya upitishwe juu ya viegemeo viwili vilivyoachana sentimeta 65, ambao ni karibu sawa na urefu wa uzi katika gitaa la kawaida. Kisha ncha ya pili iteremke pembeni mwa meza ikiwa imebeba kopo la mchanga. Faida ya kopo ni kwamba mvuto wa uzi haubadiliki kutoka jaribio hadi jaribio. Kama tungeukaza uzi kwa mkono, hatungejua kama tumeukaza sawa na jana.

Jiwe lililofungwa katika uzi wa mita 1 na kuning'inizwa ndilo saa yetu. Likibembea polepole, hutumia karibu sekunde 1 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuhesabu.

Tahadhari. Waya wa chuma ukikatika hurudi kwa nguvu na waweza kuumiza jicho. Uzito usizidi kilogramu 3, wanafunzi wasiinamishe nyuso juu ya waya, na pasiwe na mguu wa mtu chini ya kopo.

HATUA ZA KUFUNDISHA

Somo lapaswa kupewa vipindi viwili vinavyofuatana. Kanuni ya kufuata katika hatua zote ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Uzi uvutwe pembeni hadi alama iliyochorwa milimita 5 kutoka mahali pake, uachiwe, na mtoto yule yule asikilize akiwa umbali ule ule. Atanyosha mkono pale ambapo hasikii tena. Kila jaribio lirudiwe mara tano, kwa kuwa mara moja haitoshi kumwamini mtu yeyote, hata mwalimu.

Hatua ya kwanza: kukisia. Mwalimu auvute waya mara moja, darasa lisikilize hadi kimya. Kisha aulize: “Sauti imekwenda wapi?” Asisahihishe jibu lolote. Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yale ya kuchekesha.

Hatua ya pili: viegemeo. Waya upimwe ukiwa juu ya kabari za mti mgumu. Kisha kipande cha kandambili kiwekwe kati ya kabari moja na waya, na upimwe tena. Watoto watasikia tofauti bila ya kuambiwa. Mpira ni laini; hujipinda pamoja na uzi na kuumeza mtetemo.

Hatua ya tatu: uzi. Waya utolewe, mshipi uwekwe, mzigo uwe ule ule. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Sauti ya mshipi hufa mapema, na watoto watasema kwamba nailoni ndiyo sababu. Awaulize: “Je, tumebadilisha kitu kimoja tu?” Wakitazama wataona kwamba mshipi una unene tofauti na waya, na kwamba hata kiwango cha sauti kimebadilika. Jibu lao laweza kuwa sahihi, lakini jaribio hili peke yake halijalithibitisha. Mtoto aliyelielewa jambo hili ameanza kuwa mwanasayansi.

Hatua ya nne: debe. Huu ndio moyo wa somo. Waya urudishwe. Kabari moja iondolewe ubaoni, na mahali pake liwekwe debe tupu, ili waya uegemee bati la debe. Ubao uinuliwe kwa matofali ikilazimu ili urefu wa uzi usibadilike. Waya ukivutwa, sauti itakuwa kubwa, hata walio nyuma watafurahi. Kisha muda upimwe. Watoto wengi hutazamia kwamba sauti kubwa itadumu zaidi. Wakikuta imekufa upesi kuliko ile ndogo ya ubao mnene, wataduwaa. Mwalimu asikimbilie kueleza. Aache kimya kifanye kazi yake, kisha aulize: “Nani amelipia sauti kubwa ya debe?”

Hatua ya tano: kuvuta kwa nguvu. Uzi urudishwe ubaoni, uvutwe kwanza milimita 5, kisha milimita 10. Watoto watatazamia muda urefuke mara mbili. Hautarefuka hivyo, na sababu inaelezeka kwa hesabu rahisi. Tuseme mtetemo hupungua nusu kila sekunde 1, na tuseme sikio huacha kusikia mtetemo unapofika kipimo cha 1. Uzi ulioanza na 16 utashuka hadi 8, 4, 2, na 1. Zimepita sekunde 4. Uzi ulioanza na 32 utachukua sekunde 5. Nguvu ya kuvuta imeongezwa mara mbili, lakini tumepata sekunde 1 tu. Bali kama tungeziba matundu, ili mtetemo upungue nusu kila baada ya sekunde 2, uzi ulioanza na 16 ungesikika kwa sekunde 8. Kuziba tundu kuna faida kuliko kujaza mfuko.

Hesabu hiyo hiyo yaeleza kazi ya amplifaya. Amplifaya haiongezi kitu ndani ya uzi. Hutuwezesha tu kuusikia mtetemo hata ukishuka chini ya 1, hadi nusu au robo. Uzi umekufa kwa mwendo ule ule. Sisi ndio tuliosogezewa sikio karibu. Kuna hali moja tu iliyo tofauti: mpigaji akisimama karibu na spika yenye sauti kubwa sana, sauti hiyo huutikisa uzi upya, nishati hurudi, na sauti yaweza kudumu bila kikomo. Huo ndio mvumo ule uliowasumbua wapigaji wa zamani, ambao wengine baadaye waliugeuza kuwa mapambo ya muziki.

KUMRUDIA MTOTO WA NYUMA

Sasa tulirudie swali la mvulana wetu. Kwa nini gitaa moja, lenye mbao moja na uzi mmoja, lidumishe sauti mahali pengi na kuiua mahali pamoja?

Mwalimu awakumbushe watoto juu ya bembea. Mtu akiisukuma bembea bila kufuata mwendo wake, haiendi mbali. Akiisukuma kila inaporudi, hata kwa kidole kimoja, huenda juu sana. Shingo ya gitaa ni ndefu na nyembamba, nayo ina mwendo wake wa kutikisika. Mpigaji akibonyeza uzi mahali ambapo mtetemo wa uzi unalingana na mwendo wa shingo, uzi huisukuma shingo kama mtu anayeisukuma bembea kwa wakati wake. Shingo huanza kutikisika, na nishati hutoka katika uzi kwa haraka. Akisogea nafasi mbili, mtetemo wa uzi haulingani tena, shingo hutulia, na sauti hudumu.

Kwa hiyo kaka yake hakuwa na gitaa bovu. Alikuwa na gitaa lenye shingo, kama magitaa yote. Mahali pa namna hiyo huonekana hata katika magitaa ya thamani, na hujulikana sana kwa wapigaji wa besi. Uthibitisho wake ni rahisi: kitu kizito kikifungwa kwenye kichwa cha gitaa, mwendo wa shingo hubadilika, na mahali pale pabaya huhama. Uzi haukuguswa, wala mwili wa gitaa haukubadilishwa.

Sasa itazameni kanuni tuliyoiandika ubaoni. Uzito peke yake hauamui. Lililo muhimu ni kama mahali uzi unapoegemea panakubali kutikisika kwa mtetemo ule unaopigwa. Gogo la Les Paul lilifaa kwa sababu halikukubali kutikisika kwa urahisi. Uzito ulikuwa sehemu tu ya jambo hilo. Kanuni yetu ilichukua mfano mmoja na kuufanya sheria, na mtoto alituletea mfano wa pili.

MAMBO MENGINE AMBAYO MWALIMU AYAJUE

Watoto wenye ndugu wapigaji wataleta maswali mengine. Haya yafuatayo yatamsaidia mwalimu.

Uzi mchafu. Nyuzi nene za gitaa zimezungushiwa waya mwingine. Jasho, uchafu na kutu vikijaa katikati ya mizunguko, msuguano huongezeka. Sauti nyembamba zilizomo ndani ya sauti kuu hufa kwanza, na gitaa husikika kama limefunikwa blanketi.

Kidole kisichobonyeza sawasawa. Shingoni kuna vijiti vya chuma vilivyokatiza. Mpigaji akibonyeza vema, uzi huegemea chuma. Akibonyeza kivivu, uzi huegemea nyama ya kidole, na nyama ni sawa na kandambili yetu ya hatua ya pili.

Nyuzi zilizoshushwa mno. Zikikaribia sana vijiti hivyo huvigonga zinapotetemeka. Kila mgongano hula akiba, na mlio wa kukwaruza husikika.

Sumaku iliyopandishwa mno. Wengine hukiinua kinasa karibu na nyuzi ili wapate sauti kubwa. Kikizidi kukaribia, sumaku huuvuta uzi na kuuvuruga mtetemo wake. Sauti huyumba na kufifia mapema.

Mwisho, mwalimu asiwafundishe watoto kwamba sauti inayodumu ndiyo sauti nzuri. Katika muziki wa dansi wa Kongo na wa Tanzania, mpigaji wa gitaa mara nyingi huhitaji sauti fupi zinazofuatana upesi bila kumezana, na wengine huuwekea uzi kiganja makusudi ili ukatike. Na mpigaji wa zeze la Wagogo, anayelipiga kwa upinde, hana haja ya akiba hata kidogo: upinde unaendelea kuulisha uzi nishati kadiri mkono wake unavyokwenda. Sayansi hueleza jinsi sauti inavyodumu. Ni muziki unaoamua kama idumu.

HITIMISHO

Tulimtafuta mvulana yule wiki iliyofuata, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba alikuwa na haki na sisi tulikosea. Tulifuta kanuni yetu na kumwomba yeye aandike swali lake ubaoni. Walimu wanafunzi waliokuwapo walituambia baadaye kwamba hawakumbuki mengi ya somo la kwanza, lakini hilo la pili hawalisahau.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapokuwa na darasa lako, watoto watakuletea mambo ambayo hayamo katika andalio lako la somo. Mengine yatakuwa ya upuuzi. Machache yatakuwa kama shingo ya besi ile. Huwezi kuyatofautisha kwa kutazama ni nani ameketi nyuma na nani ameketi mbele. Utayatofautisha kwa kuyapima pamoja na watoto wenyewe, na kipindi kikiisha kabla hamjapata jibu, andika swali katika pembe ya ubao lisubiri kesho. Akiba ya udadisi wa mtoto ni kama akiba ya uzi: mwalimu hakuitia yeye, lakini anaweza kuiua kwa kidole kimoja.

MASWALI YA KUJADILI NA KUFANYA

1. Fanya jaribio la hatua ya nne pamoja na wenzako chuoni. Andika muda wa kila mara kati ya zile tano, kisha tafuta wastani. Je, matokeo yanalingana? Kama hayalingani, ni kitu gani kilibadilika bila ninyi kutaka?

2. Buni jaribio la kulinganisha chuma na nailoni ambalo unene na kiwango cha sauti havitakuwa tofauti. Ni ugumu gani utakaoukuta?

3. Mtoto anasema: “Gitaa la umeme hudumu kwa sababu umeme unauingia uzi.” Panga maswali matatu ya kumsaidia agundue mwenyewe lililo sahihi na lisilo sahihi katika kauli yake.

4. Chagua kanuni moja iliyomo katika kitabu cha Sayansi cha shule ya msingi. Tafuta mfano mmoja ambao kanuni hiyo, kama ilivyoandikwa, haiufikii. Ungeiandikaje upya?